Kwa Nini Moyo Hudunda Gari Likiipita Trela

Barabara inayotoka Rongo, kaunti ya Migori, kuelekea mji wa Homa Bay ina njia mbili tu, ya kwenda na ya kurudi. Watu wa Asumbi, mji ulio kando yake, huitegemea kwa kila kitu: walimu na wanafunzi wa chuo cha ualimu, akina mama wanaowahi soko, wagonjwa wanaopelekwa hospitali. Wengi husafiri kwa matatu au kwa gari dogo la Probox lililojazwa hadi buti. Huu ni ukanda wa miwa, wenye viwanda vya Awendo na Ndhiwa, kwa hiyo safarini ni lazima ukutane na trekta inayokokota mzigo uliotokeza pande zote mbili, au lori la mchanga wa ziwani. Ukifika Rongo unaingia barabara kuu ya Isebania na Kisii, na hapo wanakungoja wenye trela za masafa marefu.

Kila abiria anayajua yanayofuata. Gari linajibana nyuma ya trela. Dereva anachungulia kulia, anarudi, anachungulia tena, kisha anatoka. Tumbo linakaza, viganja vinalowa, mguu wa kulia unakanyaga breki ambayo haipo. Akithubutu mtu kusema anaogopa, ataambiwa ni mwoga, au imani yake haba. Wanaomwambia hivyo wanakosea, na sayansi inaweza kuonyesha ni kwa nini.

Tuanze na hesabu. Chukua trela yenye urefu wa mita 18 inayokwenda kilomita 60 kwa saa, na nyuma yake matatu ya mita 5 inayokwenda kilomita 80. Ili ipite salama, matatu inapaswa kutoka ikiwa mita 20 nyuma ya trela, na kurudi upande wake ikiwa mita 20 mbele yake. Ukijumlisha nafasi hizo na urefu wa magari yote mawili unapata mita 63. Tofauti ya mwendo ni mita tano na nusu tu kwa sekunde, kwa hiyo kazi hiyo inachukua zaidi ya sekunde 11. Katika sekunde hizo matatu inakuwa imekwenda kama mita 250 ikiwa upande usio wake, na gari linalotoka mbele kwa kilomita 80 limekuja mita 250 vilevile. Inahitajika nusu kilomita ya barabara tupu, kabla ya kuweka akiba yoyote ya kosa.

Sasa iongezee trela mwendo kidogo, ifike 70. Muda unaruka hadi sekunde 23 hivi, na barabara inayohitajika inakuwa kilomita nzima. Hapa pana jambo ambalo wasafiri wengi hawalifikirii. Magari ya abiria nchini Kenya yanatakiwa kuwa na vidhibiti mwendo visivyoruhusu kuzidi kilomita 80, kanuni iliyoanza kutekelezwa mwaka 2004 chini ya waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki. Naiunga mkono kanuni hiyo kwa moyo wote. Lakini maana yake ni kwamba matatu inayoitii haina mwendo wa ziada wa kuipita trela inayokimbia 70, labda barabara iwe imenyooka na kuonekana kilomita nzima, pasipo kona, kilima, soko wala bodaboda anayechomoka kutoka njia ya udongo. Na Probox iliyobeba watu kupita kiasi, hata isiyo na kidhibiti, huchelewa kuongeza mwendo kwa sababu ya uzito, kwa hiyo sekunde za kuwa upande wa hatari huzidi hizo nilizotaja.

Trekta ya miwa ina hesabu yake. Inakwenda polepole, hivyo kuipita hakuchukui muda mrefu, lakini upana wa mzigo hufunga barabara machoni pa dereva wa nyuma. Usiku huwa mbaya zaidi pale tela lake linapokosa taa.

Hesabu hizi hakuna anayezipiga akiwa ndani ya gari. Jicho ndilo linalozikadiria, na jicho lina udhaifu wake. Ubongo haupimi mwendo wa gari linalotujia uso kwa uso. Hupima jinsi taswira yake inavyokua ndani ya jicho. Trela yenye upana wa mita mbili na nusu, ikiwa nusu kilomita mbele, huonekana kama nusu ya upana wa mwezi mpevu. Ikisogea mita 100, taswira hiyo inaongezeka kwa kiasi ambacho ni vigumu kukitambua. Ikiwa mita 100 kutoka kwako na ikasogea 50, inakua maradufu. Ndiyo maana gari la mbele huonekana kama limesimama, halafu ghafla limejaa kioo chote. Dereva aliyeamua kutoka wakati lilipoonekana limesimama aliamua bila habari kamili.

Kuna udanganyifu mwingine. Mwaka 1985 mwanasaikolojia wa Marekani Herschel Leibowitz, aliyekuwa akichunguza ajali za treni kwenye vivuko vya barabara, alieleza kwamba kitu kikubwa huonekana kwenda polepole kuliko kidogo hata kama mwendo ni mmoja. Majaribio ya baadaye yaliunga mkono wazo hilo. Kwa pikipiki kosa huja kwa njia nyingine: udogo wake hutufanya tuidhanie iko mbali, na usiku taa yake moja haitoi kipimo cha umbali. Katika eneo lenye bodaboda nyingi kama hili, jambo hili si la vitabuni.

Kisha kuna upepo. Trela ikisukuma hewa mbele yake, hewa hiyo hukimbilia pembeni. Gari dogo lililo ubavuni mwa trela huhisi kuvutwa kuielekea, na likitokeza mbele ya kichwa chake husukumwa nje. Lori lenye ekseli saba linaruhusiwa kufika tani 56 chini ya sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Gari dogo ambalo ni tani moja na ushee haliwezi kupita kando yake lisitikisike. Mtikisiko wenyewe kwa kawaida hauangushi gari. Hatari iko kwenye mikono ya dereva anayeshtuka na kukata usukani kupita kiasi.

Mwili nao hausubiri maelezo haya. Kitu kinachokua kwa kasi machoni huamsha njia za ubongo zilizo za kale sana; hata mtoto mchanga hupepesa macho kitu kikimjia usoni. Taarifa hufika kwenye amigdala, sehemu ndogo ya ndani ya ubongo inayoshughulika na vitisho, kabla fikra haijatulia. Tezi zilizo juu ya figo hutoa adrenalini. Moyo huongeza mapigo, damu huelekezwa kwenye misuli mikubwa, tumbo hupunguziwa kazi, na pumzi huwa fupi na za haraka. Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyaeleza mabadiliko haya mwaka 1915 kama maandalizi ya kupigana au kukimbia. Abiria aliyebanwa katikati ya kiti cha nyuma hawezi kufanya lolote kati ya hayo mawili. Akizidi kuhema, kaboni dayoksaidi hupungua katika damu yake, vidole vinamchonyota, kichwa kinakuwa chepesi, naye anadhani anakufa.

Wengi pia husimulia kwamba kulipita lori moja kulichukua dakika nzima. Mwaka 2007 mtafiti wa ubongo David Eagleman na wenzake waliwaachia watu waanguke kutoka urefu wa mita 31 kwenye wavu, kisha wakawauliza walianguka kwa muda gani. Walikadiria muda wao wenyewe kuwa mrefu kwa zaidi ya theluthi moja kuliko walivyoukadiria wa wengine waliowatazama, lakini macho yao hayakuwa yameona mambo kwa kasi zaidi. Kumbukumbu ya hofu ndiyo hurefuka.

Abiria kwa kawaida huumia kwa hofu kuliko dereva. Paul Slovic, mtafiti wa namna watu wanavyopima hatari, alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba hatari tusiyoidhibiti hututisha kuliko ile tuliyoishika wenyewe. Dereva ana usukani na anajua alichokusudia. Wewe unaona kisogo chake tu. Hata hivyo nadhani tunamkosea abiria tukidai kwamba hofu yake ni ya kukosa usukani tu. Mara nyingi anaona sawasawa na dereva, na hana nauli ya kufidia wala zamu ya kuwahi. Nchi yetu ilipoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani mwaka 2023 pekee, wakiwemo zaidi ya 50 walioangamizwa na lori lililoacha njia pale Londiani mwezi Juni. Mwenye kuogopa ana sababu.

Na hofu hiyo ikisemwa, inaokoa. Watafiti James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika ndani ya matatu za Kenya vibandiko vinavyowahimiza abiria kumkemea dereva anayeendesha vibaya. Katika utafiti wao wa kwanza, uliochapishwa mwaka 2011, madai ya bima kwa magari yenye vibandiko yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Waliporudia kwa maelfu ya magari, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha upungufu wa kati ya asilimia 25 na 33. Kampeni ya kuwahimiza abiria iitwayo Zusha! ilizaliwa humo. Hakukuongezwa polisi wala lami. Watu waliokuwa wakikanyaga breki isiyokuwepo walipewa ruhusa ya kufungua mdomo.

Kwa hiyo sema, na sema mapema, gari likiwa bado nyuma ya trela. "Dere, ngoja tupite kona kwanza" inasikika vizuri kuliko kilio dereva akiwa tayari upande wa pili. Mwenzako akisema, muunge mkono. Dereva hudharau sauti moja, si tano.

Wewe unayeendesha, kaa mbali na trela. Ukiifuata kwa mita tano huoni chochote mpaka utoe nusu ya gari lako nje. Ukiwa mita 30 nyuma unaona pande zake zote na unapata nafasi ya kuongeza mwendo kabla ya kutoka. Usiyaamini mno maindiketa ya dereva wa lori. Wengi huwasha ya kushoto kukuambia pita na ya kulia kukuzuia, nao hufanya hivyo kwa wema, lakini ya kulia yaweza kumaanisha anakata kona, na wala hajui gari lako lina nguvu kiasi gani. Mapigo ya moyo yakipanda huku huna uhakika, bakia ulipo. Kutoka Rongo hadi Asumbi utachelewa dakika chache tu.

Kuna hofu iliyovuka mpaka. Ukianza kukataa safari za lazima, kukosa kliniki, kukesha ukiwaza barabara, au kama ulinusurika ajali na mwezi umepita bado inakurudia ndotoni na kila honi inakushtua, hilo linahitaji tiba. Usijitibu kwa pombe wala kwa vidonge vya jirani. Tiba yenye ushahidi mzuri ni kuikaribia hofu hatua kwa hatua, mbinu ambayo Joseph Wolpe wa Afrika Kusini aliieleza mwaka 1958: unaanza na kukaa ndani ya gari lililosimama, halafu safari fupi mchana, halafu barabara yenye malori ukiwa na mtu unayemwamini, ukirudia kila hatua hadi mwili utulie ndipo uendelee. Ukiwa safarini, vuta pumzi polepole kwa pua na uitoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Kaboni dayoksaidi inarudi kiwango chake na mchonyoto wa vidole unapungua.

Si lazima umsafirie daktari bingwa. Mpango wa Shirika la Afya Duniani wa mazungumzo ya vikao vitano ulijaribiwa pembezoni mwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, ukiendeshwa na wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mafunzo, na matokeo yake ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba dhiki ya kisaikolojia ilipungua. Ukifika kwenye kituo cha afya, usiseme kichwa kinauma tu. Mweleze mhudumu kwamba dalili huanza ukipanda gari, zimeendelea kwa muda gani, na kama uliwahi kupata ajali.