Arosto Inayorudi Mgonjwa Akitibiwa Kifua Kikuu

Kijana wa Bagamoyo, anayekunywa methadoni kila asubuhi na aliyekwisha kupokewa tena nyumbani kwao, anaanza kupiga miayo. Makamasi yanamtoka, mifupa inamuuma, tumbo linamwendesha na usingizi haumjii. Mama yake anazijua dalili hizo tangu miaka ya unga, naye anakata shauri kwamba mwanawe amerudi maskani. Muuguzi, akimsikia kijana akiomba dozi iongezwe, huenda akafikiri vivyo hivyo. Inawezekana kabisa wote wawili wamekosea. Kijana huyo alianza dawa za kifua kikuu siku kumi tu zilizopita.

Heroini iliingia ukanda huu wa pwani katika miaka ya 1980, ikivutwa kwanza. Kujidunga kulienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Kliniki ya kwanza ya methadoni nchini ilifunguliwa Muhimbili mwezi Februari 2011, na baadaye huduma ikasogezwa kwingine, Bagamoyo ikiwamo. Methadoni hushika sehemu zile zile za ubongo zinazoshikwa na heroini, ila hufanya kazi taratibu na kwa muda mrefu. Dozi moja inayonywewa mbele ya mhudumu humfikisha mtu hadi kesho yake bila arosto wala kulewa.

Sasa rifampisini, ambayo mgonjwa wa kifua kikuu huimeza kwa miezi yote sita ya matibabu ya kawaida, hulichochea ini livunje dawa nyingi kwa kasi, methadoni ikiwa mojawapo. Dozi iliyotosha mwezi uliopita haifiki jioni. Efavirenzi, iliyotumiwa na watu wengi wenye VVU kabla ya dolutegraviri, nayo hupunguza methadoni mwilini. Si jambo la nadra, maana wanaojidunga huugua kifua kikuu na VVU kuliko watu wengine.

Asiyeaminiwa hujitafutia dawa mwenyewe. Ama ataacha vidonge vya kifua kikuu, kwa kuwa amekwisha kugundua vinamrudishia arosto, ama atanunua kete. Unga juu ya methadoni, hasa ukichanganywa na pombe au valiamu, huweza kukata pumzi. Kwa hiyo mhudumu aulize kwanza ni dawa gani mpya imeanza, ampime mgonjwa kabla ya dozi, kisha aongeze methadoni hatua kwa hatua; wakati mwingine dozi hugawanywa mara mbili kwa siku. Dawa za kifua kikuu zisikatishwe. Mgonjwa naye aitaje kliniki ya methadoni mbele ya kila tabibu, hata kama anaona haya.

Hatari ya pili huja kimya kimya, siku ambayo familia inafurahia kupona. Rifampisini ikishaisha, ini hurudia mwendo wake katika muda wa majuma mawili hivi, na ile dozi iliyoongezwa sasa ni kubwa mno. Mgonjwa anasinzia akiongea, anakoroma isivyo kawaida, mboni za macho zinakuwa ndogo kama tundu la sindano, pumzi inapungua. Hapo apelekwe hospitali mara moja. Naloksoni humwamsha, lakini nguvu yake huisha kabla ya ile ya methadoni, kwa hiyo aliyezinduka asiruhusiwe kwenda nyumbani upesi. Tarehe ya kumaliza rifampisini iandikwe kwenye kadi ya methadoni siku ile ile anapoanza vidonge, ili upunguzaji wa dozi upangwe mapema.