Polisi na Amana ya Raia: Askari Hujibu kwa Nani? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulifuata asili ya polisi wa nchi yetu tangu lile jeshi la Force Publique, ambalo Mfalme Leopold wa Pili aliliunda katika miaka ya 1880 liwe jeshi na polisi kwa pamoja, na ambalo tarehe 4 Desemba 1941, mjini humu Lubumbashi, ulipokuwa ukiitwa Élisabethville, liliwafyatulia risasi wafanyakazi wa Union Minière waliokusanyika katika uwanja wa mpira kudai nyongeza ya ujira, wakafa makumi ya watu. Tukaona pia jinsi Mobutu, mwaka 1972, alivyoivunja polisi na kuitia ndani ya jandarmeri, hata Polisi ya Taifa ya leo, ilipowekewa msingi wake kwa amri-sheria ya Januari 2002, ikawa imekwisha kurithi tabia za kambini kabla ya kujifunza adabu za mjini. Leo nakusudia kuingia katika suala ambalo wasomaji wa komuni za Kamalondo, Katuba na Ruashi hulizungumza kila jioni: askari akimdhulumu raia, ni nani atakayemwita aje kujibu?

Hapana kisa kinachofaa kutufundisha kuliko kile cha marehemu Floribert Chebeya, rais wa chama cha haki za binadamu La Voix des Sans-Voix, ambaye tarehe 1 Juni 2010 alikwenda makao makuu ya Polisi mjini Kinshasa kwa wito wa kuonana na Jenerali John Numbi, aliyekuwa Inspekta Jenerali wa Polisi wakati ule, na ambaye siku ya pili yake alikutwa maiti ndani ya gari lake pembezoni mwa mji, na kando yake vimewekwa vitu vya kumvunjia heshima, ili watu wadhani kwamba amekufa katika mambo ya fedheha. Dereva wake, Fidèle Bazana, hakuonekana tena. Jenerali alisimamishwa kazi tarehe 5 Juni. Baadaye aliitwa mahakamani kutoa ushahidi, akakana kuhusika, wala hakuwekwa kizimbani. Mwezi Juni 2011 mahakama ya kijeshi ilitoa hukumu ya kifo kwa maofisa wanne wa polisi, mmoja wao Kanali Daniel Mukalay aliyekuwapo mbele ya majaji, na watatu wengine wakahukumiwa hali hawapo, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kutoroka. Katika rufani, Septemba 2015, adhabu ya Mukalay ilipunguzwa ikawa kifungo cha miaka 15.

Hapo ndipo mji wetu unapoingia katika habari. Mmoja wa wale watatu, Christian Ngoy Kenga Kenga, alikamatwa hapa Lubumbashi mwanzoni mwa Septemba 2020, miaka 10 na zaidi tangu mauaji yenyewe na miaka 9 tangu hukumu ya kifo kutamkwa juu ya jina lake, akapelekwa Kinshasa. Mimi siwezi kulipita jambo hili upesi. Mtu aliyehukumiwa kufa kwa kuua alishikwa katika mji wenye gavana, wenye ukaguzi wa mashitaka ya kijeshi, wenye makamanda na vituo vya polisi katika kila komuni, mji ambao mchuuzi wa samaki akikosa karatasi moja hujulikana kabla ya saa sita mchana. Katika mwezi wa Julai mwaka ule ule Jenerali Numbi alikuwa ameondolewa katika cheo cha Inspekta Jenerali wa jeshi, alichopewa mwaka 2018, na kufuatana kwa matukio haya mawili hakuhitaji ufafanuzi mrefu: kadiri mkubwa alivyokuwa juu, sheria haikuwa na macho, alipoteremshwa, ikaona.

Yaliyofuata yalikwenda kwa kasi. Februari 2021 polisi wawili waliokuwa uhamishoni walieleza katika redio ya RFI namna Chebeya na Bazana walivyozibwa pumzi kwa mifuko ya plastiki. Mwaka huo huo Jenerali Numbi alitoka nchini, na jeshi likamhesabu kuwa mtoro. Na tarehe 11 Mei 2022 Mahakama Kuu ya Kijeshi ilimhukumu Ngoy Kenga Kenga adhabu ya kifo, ikampa mwenziwe, Jacques Mugabo, kifungo cha miaka 12, ikamwachilia wa tatu wao, Paul Mwilambwe, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitoa ushahidi kutoka ng'ambo. Karibu miaka 12 ilipita, basi, kutoka maiti hadi hukumu hiyo, na hata siku ya hukumu ile familia ya Bazana haikuwa imepewa mwili wa kuzika.

Watu wengi husema kwamba kisa hiki ni cha siasa, na kwamba hakimhusu mtu wa kawaida asiyegombana na wakubwa. Rai yangu ni kinyume cha hayo, na ndiyo sababu ya kuandika. Ugonjwa uliochelewesha haki ya Chebeya ni ule ule unaomnyima haki mama wa Katuba aliyesimama nje ya buloko, yaani mahabusu, na sahani ya bukari mkononi, kwa kuwa ndani hawalishwi; akimwambia askari, "Shefu, mtoto wangu ana siku nne humu," hujibiwa, "Mama, leta kwanza falanga ya karatasi." Katika visa vyote viwili askari anajua vema kwamba ana mtu wa kumjibu, lakini mtu huyo yuko juu yake kwa cheo, hayuko mbele yake akilia.

Na tuitazame sheria, kwa maana ndani yake mna mgongano ambao wachache wameutafakari. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha 183 kwamba Polisi ya Taifa haina siasa, inalitumikia taifa, wala hapana mtu mwenye ruhusa ya kuigeuza kwa manufaa yake mwenyewe. Sheria ya tarehe 11 Agosti 2011, iliyotoka miezi miwili tu baada ya ile hukumu ya kwanza, ikazidi kufafanua: polisi ni utumishi wa umma, ni wa kiraia, unafikiwa na watu, nao unawasikiliza. Maneno mazuri yasiyo na doa. Lakini kifungu cha 156 cha Katiba hiyo hiyo kinawaweka askari wa polisi pamoja na wanajeshi chini ya mahakama za kijeshi, na katika mahakama hizo ofisa hawezi kuhukumiwa na jaji ambaye cheo chake ni cha chini kuliko chake. Alhasili, tumemwambia polisi kwamba yeye ni raia anayewatumikia raia wenziwe, kisha siku anapomuua mmoja wao tunamrudisha kambini ahukumiwe na wenye nyota mabegani. Na kadiri nyota zake zinavyozidi, ndivyo majaji wanaoweza kumketia wanavyopungua, hata mwisho wake jenerali huwa kama mtu asiye na mahakama.

Ni kweli kwamba sheria ya 2011 inaitambua Inspeksheni Kuu ya Polisi, iliyo chini ya Waziri wa Mambo ya Ndani, yenye kazi ya kukagua na kuchunguza mwenendo wa askari, na kwamba Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu iliundwa kwa sheria ya Machi 2013. Siwadharau wanaofanya kazi humo. Lakini mkaguzi aliye chini ya waziri yule yule mwenye dhamana ya polisi, hata awe mwadilifu namna gani, huandika akijua kwamba karatasi yake itasomwa kwanza na mtu ambaye aibu ya polisi ni aibu yake pia.

Ama kuhusu fedha za barabarani, desturi ni kumlaumu askari mwenye filimbi njia panda, na lawama hiyo anaistahili kwa sehemu. Hata hivyo wataalamu waliowachunguza polisi wa barabarani mjini Kinshasa waligundua jambo ambalo madereva wetu walikuwa wakilishuku siku zote: kwamba wakuu wa vituo huwawekea askari idadi ya madereva wanaopaswa kuletwa kituoni kila siku, na kwamba sehemu kubwa ya fedha hutozwa huko kituoni, wala si ile matabishi ndogo inayopita dirishani. Kwa hiyo askari anayekusimamisha ukiwa na karatasi zako zote kamili si lazima awe ametumwa na tamaa yake peke yake. Naye ana hesabu ya kutoa jioni. Na hesabu hiyo ni amri itokayo juu.

Kifungu cha 28 cha Katiba chasema kwamba hapana mtu anayelazimika kutekeleza amri iliyo haramu waziwazi. Ningependa maneno hayo yasomwe kwa sauti katika kila gwaride la asubuhi, mbele ya askari wote na mkubwa wao, kwa Kiswahili wanachokielewa.

Wenzetu wa Jamhuri ya Kenya walijaribu njia nyingine. Kwa sheria ya mwaka 2011 walianzisha mamlaka ya kiraia ya kuisimamia polisi, IPOA, iliyo nje ya amri za polisi. Juni 2016 wakili Willie Kimani aliuawa pamoja na mteja wake, aliyekuwa amemshitaki askari mbele ya mamlaka hiyo, na dereva wa teksi aliyekuwa akiwachukua. Hivyo mamlaka hiyo haikuwa kinga ya kutosha, na hatuna haki ya kuisifu kupita kiasi. Lakini kesi ile ilisikilizwa na Mahakama Kuu ya kiraia, mchana kweupe, na Februari 2023 askari watatu walipewa adhabu zao, mmoja wao ya kifo, wala hapana aliyeuliza kwanza kama jaji ana nyota ngapi.

Kwetu sisi dawa ya msingi ni kukigeuza kifungu cha 156, ili askari wa polisi anayemkosea raia ahukumiwe na mahakama ya raia. Kifungu hicho hakimo miongoni mwa yale ambayo Katiba, katika kifungu chake cha 220, imeyakataza kuguswa, ijapokuwa kifungu cha 219 hakiruhusu mageuzi wakati wa vita au wa hali ya kuzingirwa, hali iliyotangazwa Ituri na Kivu ya Kaskazini tangu Mei 2021. Jambo hili, basi, litachukua muda, na wabunge wetu wa Haut-Katanga wanapaswa kuanza kuulizwa juu yake sasa hivi, kabla hawajaja kuomba kura.

Wakati huo huo iko haki ambayo haingojei bunge. Kifungu cha 18 kinamtaka askari amweleze mtu aliyekamatwa, papo hapo na kwa lugha anayoifahamu, sababu ya kukamatwa kwake. Kinampa ruhusa ya kuwasiliana na jamaa zake au wakili wake. Na kinaweka mpaka wa saa 48, ambao ukipita ni lazima aachwe huru au afikishwe mbele ya mamlaka ya sheria. Jamaa ya mtu aliyeshikwa na aandike katika daftari saa ya kukamatwa, jina la kituo, jina na cheo cha ofisa aliyemshika, na kila falanga iliyodaiwa. Saa 48 zikitimia, na apeleke nakala kwa mwendesha mashitaka wa Jamhuri, ambaye maofisa wa polisi ya sheria wako chini ya uongozi wake katika upelelezi, na nyingine kwa ukaguzi wa mashitaka ya kijeshi ikiwa askari amepiga au ameiba. Mtu mmoja akiandika atapuuzwa. Mtaa mzima ukiandika kwa mwaka mmoja, vituo vilivyozoea dhuluma vitajulikana kwa majina, na hapana mkubwa atakayesema hakuambiwa.

Katika sehemu ya tatu tutaeleza namna barua ya malalamiko hayo inavyoandikwa na mahali inapopokelewa katika kila komuni ya Lubumbashi. Msomaji mwenye mtu aliyekaa kizuizini kupita saa 48 asingoje toleo hilo; aanze leo kuandika tarehe na majina.