Tai Aliyeatamia Jiwe

Machi 2023, wageni wa hifadhi ya World Bird Sanctuary, nje kidogo ya jiji la St. Louis nchini Marekani, walianza kuwasumbua wafanyakazi kwa swali moja: yule tai aliyelala chini kule pembeni, anaumwa? Haumwi, walijibiwa. Anaatamia. Tai mwenyewe alikuwa dume wa miaka 31 aitwaye Murphy, aliyeumia bawa zamani na asiyeweza kuruka tena. Alikuwa amejikwangulia kijishimo ardhini, akakitandika, kisha akalalia kitu kilichokuwa katikati yake kwa uangalifu wote wa mzazi. Kitu hicho kilikuwa jiwe. Maswali yalipozidi, wafanyakazi wakatundika kibao kueleza kwamba ndege huyu hana maradhi yoyote, anaatamia jiwe lake, na wao wanamtakia kila la heri.

Watu walicheka sana, na picha zikazunguka dunia. Lakini Murphy hakuwa mwehu. Alikuwa anafanya kile ambacho mwili wa tai dume hufanya kila mwaka, isipokuwa yeye alikosa mke na alikosa yai.

Kwa tai huyu mwenye kichwa cheupe, aliyemo kwenye nembo ya Marekani tangu 1782, kuatamia hakuachiwi mama peke yake. Dume na jike hupokezana kwa siku 35 hivi, mmoja akilalia mayai, mwingine akiwinda au akileta vijiti vya kukarabati kiota. Msimu wa kuzaa unapoingia, mchana ukianza kurefuka, homoni hupanda na mwili hudai kitu cha kulalia. Ndege hapimi kama kitu hicho kina uhai ndani yake. Mwaka 1938 wanasayansi Konrad Lorenz na Niko Tinbergen walilionyesha jambo hili kwa bata bukini: yai likiwekwa nje ya kiota, bukini hulivingirisha kwa mdomo mpaka lirudi ndani, na akipewa kitu kingine chochote kinachofanana na yai hukivingirisha vilevile. Porini kosa la namna hii halina gharama kubwa, kwa sababu karibu kila kitu cha mviringo kilichomo kiotani ni yai kweli.

Murphy alilipigania jiwe lake. Tai wenzake kizimbani wakisogea, aliwapigia kelele na kuwakimbiza, hata ikabidi ahamishiwe kizimba cha peke yake, pamoja na jiwe.

Mwezi uliofuata upepo mkali uliangusha kiota kimoja katika jimbo hilo hilo, Missouri, na kinda aliyenusurika akaletwa hifadhini. Hapo wauguzi wa ndege walikuwa na tatizo ambalo watu wengi hawalijui. Kumlisha kinda wa tai ni rahisi; nyama iliyokatwakatwa na subira vinatosha. Balaa ni kwamba kinda hujifunza yeye ni nani kwa kumtazama anayemlisha. Akilelewa na uso wa mtu, atakua akiamini kuwa yeye ni jamaa ya watu: atawafuata kuomba chakula, atawatafuta wakati wa kutaka mwenzi, na porini hataishi. Ndiyo maana vituo makini huwalisha makinda kwa kikaragosi chenye kichwa cha tai, mtu akijificha nyuma ya pazia, bila kusema neno. Jimbo la New York lilipotaka kuwarudisha tai wake kati ya 1976 na 1988, lilileta makinda 198, wengi wao kutoka Alaska, likawaweka kwenye minara ya mbao na kuwalisha kwa siri hadi waliporuka wenyewe. Wanaodhani kuuguza tai ni kumkumbatia na kupiga naye picha wangeshangaa kuona jinsi wauguzi hodari wanavyojificha.

Murphy aliondolewa jiwe. Kinda akawekwa karibu naye ndani ya kijizimba kidogo, kwa tahadhari, maana tai dume angeweza kumwona kama kitoweo. Kinda akalia, Murphy akaitika. Siku chache baadaye walifunguliwa wakae pamoja. Wafanyakazi waliweka samaki mzima, wakamwachia baba amchane. Huo ndio ulikuwa mtihani wenyewe, kwa sababu Murphy hakuwahi kulea katika miaka yake 31. Alimchana samaki vipande vidogo na kumlisha kinda mdomoni.

Kinda huyo alikua, akarudishwa porini, na 2024 Murphy akakabidhiwa wa pili. Machi 2025, baada ya usiku wa dhoruba kali zilizolikumba jimbo la Missouri, alikutwa amekufa kwa jeraha la kichwa. Alikuwa na miaka 33, umri ambao tai wengi wa porini hawaufikii.

Je, wajua kwamba tai anaweza kumlea hata mtoto wa adui? Mwaka 2017, huko Sidney katika jimbo la British Columbia, Kanada, jozi ya tai ilionekana ikilisha makinda wake watatu pamoja na wa nne asiyefanana nao hata kidogo: kinda wa mwewe mwenye mkia mwekundu. Wataalamu waliona uwezekano mkubwa ni kwamba aliletwa kiotani akiwa chakula, bado hai, akaanza kulia njaa kama wale wengine. Kilio cha njaa kinapogonga sikio la tai mwenye makinda, makucha huachia na mdomo huanza kuchana nyama. Mwewe yule mdogo alikula, akakua, akaruka. Udhaifu huo huo ndio wauguzi wanaoutumia wanapopandisha kinda yatima kwenye kiota cha porini chenye makinda wa rika lake. Wazazi humpokea na kuendelea kulisha.

Ukaidi wa kuatamia umeonekana vizuri zaidi kwa jozi ya Jackie na Shadow, pengine tai wanaotazamwa kuliko wote duniani. Kiota chao kiko juu ya msonobari, mita 40 na zaidi kutoka ardhini, karibu na ziwa Big Bear katika milima ya kusini mwa California, na kikundi cha wenyeji kiitwacho Friends of Big Bear Valley kimeweka kamera hapo. Januari 2024 Jackie alitaga mayai matatu. Theluji ilipoanguka mapema Februari alikaa juu yake karibu saa 62 mfululizo bila kuinuka kwenda kula, huku Shadow akija kuomba zamu na kukataliwa. Machi ikaingia, siku za kuanguliwa zikapita, na hakuna yai lililopasuka. Wao wakaendelea kuatamia kwa majuma mengine. Baadhi ya maelfu ya watu waliokuwa wakitazama waliomba waondolewe mayai hayo mabovu, au wapewe kinda wa kulea. Hawakuguswa. Sheria ya 1940 inayowalinda tai hairuhusu mtu kujipandia kiotani kwa sababu tu ameona huruma, na katika hili sheria ina busara kuliko watazamaji.

Januari 2025 Jackie alitaga tena matatu, na safari hii yote matatu yakaanguliwa mwanzoni mwa Machi. Siku chache baadaye dhoruba ya theluji ilimuua kinda mmoja. Wawili waliobaki, Sunny na Gizmo, majina waliyopewa na watoto wa shule, waliruka mwezi Juni. Makinda hao hawakuwa na kichwa cheupe. Tai huyu huanza na rangi ya kahawia, na kichwa hakiwi cheupe kabisa hadi afike miaka minne au mitano, ndiyo maana wengi hudhaniwa kuwa ndege mwingine. Hata sauti yake watu hawaijui. Ule mlio mkali unaosikika kwenye filamu kila tai anapopita angani mara nyingi ni wa mwewe mwenye mkia mwekundu. Tai mwenyewe ana kijisauti cha kukatikakatika, na mbele ya furukombe wa Ziwa Naivasha hafui dafu.

Hadithi inayosimuliwa mara nyingi juu ya ndege huyu ni ile ya DDT. Dawa hiyo ya wadudu ilifanya maganda ya mayai kuwa membamba mno, na kufikia 1963 katika majimbo 48 ya Marekani zilihesabiwa jozi 417 tu. DDT ikapigwa marufuku 1972, tai wakaondolewa kwenye orodha ya walio hatarini 2007, na makadirio yaliyotangazwa 2021 yakawa tai 316,700 katika majimbo hayo hayo. Ni ushindi wa kweli. Ila umewapa watu usingizi.

Ingia kwenye kituo chochote kinachowapokea tai hawa wakati wa baridi. Utawakuta waliogongwa na magari wakila mizoga barabarani, waliopigwa na umeme, waliovunjika mbawa. Mfupa wa ndege huunga haraka, kwa hiyo bawa lisiponyooshwa na kuwekewa chuma mapema, huunga likiwa limepinda na ndege haruki tena. Halafu utawakuta wengine wasio na jeraha lolote. Kichwa kimeinama, mbawa zimelegea, kinyesi ni cha kijani, makucha yamejifunga ngumi na hayafunguki. Hao wamekula madini ya risasi.

Mwindaji hupiga kulungu, huchukua nyama, huacha utumbo msituni. Risasi inapopenya mwilini hupasuka kuwa vipande vidogo mno vinavyotawanyika mbali na tundu lenyewe, na tai, ambaye wakati wa baridi ni mla mizoga kuliko alivyo mvuvi, huvila pamoja na utumbo. Tumbo lake lina asidi kali inayoweza kuyeyusha mfupa, hivyo huyeyusha risasi bila taabu. Ikiingia kwenye damu, mwili huidhania kalsiamu na kuipeleka kwenye mishipa ya fahamu na mifupani. Kipande kisichozidi punje ya mchele kinatosha kuua. Dawa ipo, huchomwa sindano ikaikamata risasi na kuitoa kwa mkojo, lakini wengi hufikishwa wakiwa wamechelewa.

Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science 2022 uliwapima tai 1,210 wa spishi mbili kutoka majimbo 38, na karibu nusu yao walikuwa na sumu hiyo ya muda mrefu mifupani. Cha kuudhi ni kwamba dawa ya tatizo hili inauzwa dukani: risasi za shaba. California imelazimisha matumizi ya risasi zisizo na madini hayo kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Serikali kuu, kwa upande wake, ilitoa amri ya kuyaondoa kwenye hifadhi zake Januari 2017, ikaifuta Machi ya mwaka huo huo. Nchi inayompamba ndege huyu kwenye sarafu na hati za kusafiria imeshindwa kuwashawishi wawindaji wake wabadili aina ya risasi.

Wanaopona hupelekwa kwenye vizimba virefu, mita 30 na kuendelea, warudishe nguvu za kifua. Aliyekatika manyoya ya bawa huweza kupandikizwa ya tai mwingine aliyekufa: unyoya wa nafasi ile ile huunganishwa kwa kijiti chembamba na gundi, na ndege huutumia mpaka wakati wa kunyonyoka ufike. Wasioweza kurudi porini hawakosi kazi: kufundishia watoto wa shule, kulea yatima kama Murphy, kutoa damu kwa wagonjwa, kukaa na mataifa ya Wenyeji wa Marekani kama Waiowa wa Oklahoma waliofungua nyumba yao ya tai 2006, na wakifa manyoya yao hukusanywa Colorado kwa ajili ya ibada za mataifa hayo.

Afrika Mashariki haina tai huyu, ina binamu yake furukombe na ukoo mzima wa ndege wawindaji ambao ni nadra kuwekewa kamera. Nchini Kenya, uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku 1977, kwa hiyo risasi si tatizo kubwa. Tatizo ni mizoga inayopakwa sumu kumwua simba au fisi, ikaishia kuua tai na tumbusi kwa makumi, pamoja na nyaya za umeme zilizofungwa bila kumfikiria ndege mwenye mbawa ndefu. Hesabu za barabarani za miaka ya 1970 zikilinganishwa na zile za baada ya 2003 zinaonyesha spishi nyingi zimeporomoka. Wanaowauguza ni wachache. Kenya Bird of Prey Trust, yenye vituo Naivasha na Soysambu, ni kati ya hao wachache. Tembo akiuawa habari husomwa jioni hiyo hiyo. Tai thelathini wakifa kando ya mzoga mmoja, mara nyingi hawapati hata mstari gazetini, na bundi bado anapigwa mawe kwa sababu ametua juu ya paa la mtu.

Ukimkuta ndege wa aina hii ameanguka, mfunike kwa kanga, jihadhari na miguu kuliko mdomo, mweke kwenye boksi lenye matundu mahali penye giza na kimya. Usimpe maziwa, usimmiminie maji mdomoni, usiwaite majirani waje kumtazama. Kisha ipigie simu ofisi ya wanyamapori iliyo karibu nawe siku hiyo hiyo, na kama ni kinda, usimwache akuzoee.