Tovuti ya Mwenyewe: Rahisi ya Kuingia, Je, na ya Kutoka?

Neno "rahisi" katika Kiswahili chetu lina maana mbili. Akilitamka muuza maembe wa Marikiti, Mombasa, anakusudia bei nafuu. Akilitamka mwalimu wa hesabu, anakusudia jambo lisilo gumu. Waarabu, ambao kwao tumelipata neno hili, hulitumia zaidi kwa bei. Sisi tumelipanua, na kwa kulipanua tumejitegea mtego: mara nyingi hudhani kwamba kitu kisicho gumu ndicho pia kisicho ghali. Katika mambo ya tovuti, yaani kurasa za mtandao ambazo mtu hujiwekea ili ulimwengu uzisome, mtego huu umewanasa wengi.

Habari hizi nimezichimba mbali na bahari, katika mtaa wa Wabera, mjini Isiolo. Msomaji wa pwani asishangae. Isiolo ni mlango wa kaskazini ya Kenya, na aingiapo mgeni husikia adhana, huona kanzu na kofia, na hukuta Waborana, Wasomali, Wameru na Waturkana wakinunuliana na kuuziana katika soko moja. Mtaa wenyewe una jina la Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, aliyeuawa kwa risasi mwezi wa Juni 1963, pamoja na chifu mstaafu Haji Galma Dido. Jijini Nairobi pia iko barabara yenye jina lake. Wapitao juu yake kila siku ni maelfu. Wamjuao mwenye jina ni wachache.

Hapo ndipo ilipo shida ya mjomba wangu. Yeye ni mzaliwa wa pwani, akahamia Isiolo kusomesha skuli, akaoa huko, na mpaka leo, akiwa mstaafu, makazi yake ni Wabera. Kwa miaka mingi ameandika katika daftari zake habari za mtaa: nani alijenga wapi, msikiti ulipanuliwa lini, nani alizikwa wapi siku za vita vya shifta, baina ya 1963 na 1967. Kurasa nyingine ameandika kwa herufi za Kirumi, nyingine kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kama alivyofunzwa chuoni utotoni. Ana daftari sita na picha 140.

"Mjomba," aliniambia, kwani sisi huitana hivyo pande zote mbili, "mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari nayo huliwa na mchwa. Nataka tovuti. Nitafutie programu rahisi, mimi si fundi."

Nilikaa naye siku kumi, nikiwa na kompyuta yangu na ya mjukuu wake, tukajaribu njia nne. Nazieleza hapa kwa faida ya kila mwenye daftari za babu yake, awe Lamu, Pemba, Tanga au Maskati.

NYUMBA YA KUPANGA

Njia ya kwanza aliileta mjukuu. Ni zile huduma ambazo hazihitaji kuweka programu yoyote katika kompyuta. Unafungua mtandao, unachagua kiolezo, unavuta picha kwa kidole na kuiweka utakapo. Wix, kampuni iliyoanzishwa Tel Aviv mwaka 2006, ni ya namna hii. Squarespace ya Marekani pia. Na Google Sites, iliyoanza 2008, haidai malipo kwa mwenye anwani ya Google. Kwa saa moja tu mjukuu alikuwa amekwisha kusimamisha ukurasa wenye picha ya soko na jina la babu yake. Mzee alifurahi.

Furaha ilipotulia tuliuliza masharti. Wix isiyolipiwa hubandika tangazo lake juu ya ukurasa wako. Tena kampuni yenyewe inaeleza wazi kwamba tovuti iliyojengwa kwake haiwezi kung'olewa ikasimamishwa kwa mwingine. Utachukua maandishi yako na picha zako kimoja kimoja. Nyumba yenyewe utaiacha. Google Sites ni mpole zaidi, kwani hukuruhusu kuchukua nakala ya faili zako, lakini sura na mpangilio wake ni vya kuchagua katika machache uliyopewa.

Hii, basi, ni nyumba ya kupanga. Si dhambi kupanga, na wengi wetu tumelelewa katika nyumba za kupanga. Ila aliyepanga asijenge kaburi la baba yake katika ua wa mwenye nyumba.

MITAA ILIYOBOMOLEWA

Huenda msomaji akadhani natia chumvi. Na tuitazame GeoCities. Ilianzishwa Marekani mwaka 1994, ikawapa watu wa kawaida nafasi ya bure ya kuweka kurasa zao, na kurasa hizo zikapangwa kwa mitaa, kila mtaa kwa mapenzi yake: wapenda muziki huku, wapenda safari kule. Mwaka 1999 Yahoo iliinunua kwa mabilioni ya dola. Mwezi wa Oktoba 2009 Yahoo ikaifunga. Mamilioni ya kurasa, zenye picha za harusi, shajara na kumbukumbu za waliokufa, zikazimwa. Watu wa kujitolea walikimbilia kunakili walichoweza kabla ya siku ya mwisho, wakaokoa sehemu. Wenye nakala majumbani mwao walihama salama. Wasiokuwa nazo, wengine hawakujua hata kama wamebomolewa.

FUNDI WA KILA MWEZI

Njia ya pili ni WordPress, iliyotolewa Mei 2003, ambayo leo inaendesha zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani. Programu yenyewe ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Jirani yake ni Joomla, ya mwaka 2005, na hapa Mswahili ana haki ya kutabasamu: jina hilo ni neno letu "jumla", lililoandikwa kwa tahajia ya Kizungu. Wenye kuibuni walitaka neno la kuonyesha watu kufanya jambo kwa pamoja, wakalikuta katika lugha yetu.

Programu hizi zina nguvu. Lakini huishi katika kompyuta ya mwenye kukupangisha nafasi, zikitegemea hazina ya data, na kila mara hutaka kusasishwa. Ukiziacha mwaka mzima bila kuzitazama, wezi wa mtandao hupata ufa wa kuingilia. Kwa gazeti, duka au chama chenye katibu kijana, ningesema chukueni WordPress bila kusita. Kwa mzee anayeandika mara mbili kwa mwaka, baada ya Ramadhani na baada ya mvua, ni sawa na kununua lori la kupelekea barua moja.

DAFTARI LA MKONONI

Njia ya tatu ni programu unayoiweka katika kompyuta yako mwenyewe, ukaandika kama uandikavyo barua, nayo ikageuza maandishi kuwa HTML, lugha ya kurasa za mtandao. Zamani aliyesifika kwa kazi hii alikuwa FrontPage. Microsoft iliinunua mwaka 1996, toleo lake la mwisho likawa la 2003, kisha mwaka 2006 ikaachwa. Dreamweaver, ya 1997, ni ya mafundi wa kulipa na ina vifungo vingi kuliko nia ya mzee. Tulichokitumia ni Composer, mhariri aliyemo ndani ya SeaMonkey. Ni ya bure, na hufanya kazi hata intaneti ikikatika. Umbo lake ni la kizamani, kwa hiyo ukurasa haung'ari kama wa mjukuu. Lakini mzee aliandika kurasa tatu siku ya kwanza bila kuniita.

Njia ya nne ni kuandika HTML kwa mkono. Usiogope, msomaji. Ni alama chache tu zinazosema hapa panaanza aya, hapa pana kichwa cha habari, hapa pana picha. Tulizihitaji mahali pamoja: kwenye kurasa za herufi za Kiarabu. Composer ilizipanga kutoka kushoto, maneno yakaharibika mpangilio. Tulifungua faili, tukaongeza agizo fupi la kuambia ukurasa usomeke kutoka kulia kwenda kushoto, na mambo yakanyooka. Wale wenye tenzi na nasaba za mababu kwa herufi hizo waliweke jambo hili akilini kabla ya kuchagua programu yoyote: ijaribu kwanza kwa mstari mmoja wa maandishi yako.

Uzuri wa HTML ni maisha yake marefu. Ukurasa wa kwanza kabisa wa mtandao, ulioandikwa na Tim Berners-Lee huko CERN, Geneva, bado unafunguka katika simu ya leo, ijapokuwa ni wa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Faili za namna hii hazimtegemei mwenye nyumba. Zinabebeka katika kijiti cha kumbukumbu mfukoni mwa kanzu.

MAMBO MATATU YA KUANGALIA

Lipo jambo la picha. Picha moja ya simu huweza kuwa na MB 4. Picha 140 ni MB 560, na msomaji wa Modogashe au Mkunguni hawezi kulipia bando la kiasi hicho. Tulizipunguza zikawa KB 150 kila moja. Zote pamoja zikawa MB 21, na sura zinatambulika.

La pili ni sitara. Tuliacha nje namba za vitambulisho, na picha za wanawake hazikuwekwa ila kwa idhini yao au ya jamaa zao. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini hata isingekuwapo, adabu yetu imetangulia.

La tatu ni jina. Chini ya herufi .ke kuna tawi la me.ke lililotengwa kwa ajili ya watu binafsi. Jina hulipiwa kwa muda maalumu, na lisipolipiwa hutoka mikononi mwako.

Hapo mzee aliniuliza swali ambalo hakuna kiolezo kinacholijibu: "Nikifa, nani atalipa?"

Nikamwambia tulitazame kama wakfu. Elimu yenye manufaa ni katika amali zisizokatika mtu akifa, lakini wakfu usio na msimamizi huanguka kuta. Basi alimteua mjukuu yule yule, bingwa wa kuvuta picha kwa kidole, awe msimamizi: alipe jina kila mwaka, anakili faili kila Mfungo Mosi. Kijana alikubali kwa sharti moja, aruhusiwe kupaka rangi nzuri zaidi. Alikubaliwa. Nakala tatu zimetolewa: moja kwa mjukuu, moja kwa binti aliyeko Mombasa, na moja nilikuja nayo mimi.

Ushauri wangu, basi, ni huu. Kabla ya kuchagua programu, usiulize tu, "Nitaanza kwa dakika ngapi?" Uliza, "Nikitaka kuhama, nitaondoka na nini mkononi?" Programu inayojibu swali la pili vizuri ndiyo rahisi kwa maana zote mbili, na kama ina uzito kidogo siku ya kwanza, uzito huo huisha kwa wiki moja.

Ukurasa wa kwanza wa mjomba unaeleza Wabera alikuwa nani.