Malale Omugo: Bidii ya muuguzi bila dawa wala nauli

SISI tuliorudi kutoka Zaire na Sudan miaka ya 1980 tulivuka mpaka na masufuria, magodoro na mbuzi. Wengine walivuka na malale bila kujua. Kaka yangu aliugua baadaye, mwaka 1996. Alikuwa akisinzia sokoni mchana, mizani mkononi, na usiku anakesha akiongea peke yake. Tukadhani amelogwa.

Alitibiwa Omugo, ambako wakati ule shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilikuwa na kituo cha malale. Dawa iliyokuwapo ni melarsoproli, yenye arseniki ndani yake. Inaunguza mshipa, na katika kila wagonjwa 100 iliua kama watano hivi. Hapo Omugo, miaka hiyo, takriban robo ya waliotibiwa ugonjwa uliwarudia. Kaka yangu naye ulimrudia.

Fikiria, msomaji, wewe ndiye muuguzi. Unamdunga mtu dawa inayoweza kumuua, na akipona huenda ukamwona tena mlangoni. Bidii gani ingetosha hapo?

Ndiyo maana huwa sikubali mtu akisema wauguzi wetu ni wavivu. Dawa iliyo salama zaidi, eflornithini, ilikuwa imeachwa kutengenezwa kwa kuwa haina faida. Wagonjwa wake ni maskini. Mwaka 2001, baada ya kelele nyingi, kampuni ya Aventis ilikubaliana na Shirika la Afya Duniani kuitoa bure. Lakini ilitaka dripu 56: kila baada ya saa 6, kwa siku 14. Nani atabadili dripu saa nane za usiku kama hakuna zamu wala taa?

Hapo hapo Omugo wakajaribu kuichanganya na vidonge vya nifurtimoksi. Jaribio hilo lilisaidia kuzaa tiba ya dripu 14 kwa siku 7 na vidonge vya siku 10, iliyoingia katika orodha ya dawa muhimu duniani mwaka 2009.

Wenzetu wa Dar es Salaam, dengue ilipowapiga 2014 na 2019, walihangaika na mbu wa ndoo na matairi. Adui wetu ni mbung'o wa kando ya mito, na tangu 2011 anategwa kwa vitambaa vidogo vya buluu vyenye sumu. Vipimo vya haraka navyo vilifika kwenye vituo vya West Nile mwaka 2013. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kwamba malale ya aina hii si tatizo tena la afya ya jamii Uganda.

Habari njema, ila tunaopita Vurra na Oraba tunajua kwamba ng'ambo, Kongo na Sudan Kusini, ugonjwa bado upo. Majuzi nilimpeleka kijana wangu wa mizigo, mwenye homa na kichwa kisichoisha, katika kituo ambacho sitakitaja. Nikauliza kipimo cha malale.

"Mzee, vimeisha," akasema mhudumu kwa adabu. "Na mimi sijawahi kumwona mgonjwa wake."

Akaandika karatasi ya rufaa. Nauli ya boda boda nilitoa mimi. Wengi huishia na karatasi mfukoni. Kijana alikutwa na malaria tu.

Jioni mhudumu yule alinipigia kuuliza majibu, kwa simu yake na kwa salio lake mwenyewe.