Chakula cha Mkobani: Namna ya Kumfungashia Mtoto wa Shule katika Nchi ya Joto

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki mtoto wa chekechea au wa shule ya msingi huondoka nyumbani kabla jua halijapanda, kwa kuwa basi la shule hupita mitaani alfajiri na foleni ya magari haimsubiri mtu, na chakula anachobeba mkobani hukaa humo kwa muda mrefu kuliko mzazi anavyodhani. Chakula kilichofungwa saa kumi na moja na nusu alfajiri jijini Dar es Salaam, kikaliwa wakati wa mapumziko ya saa nne asubuhi, kimekaa mkobani saa nne na nusu, na kile kinachosubiri saa sita na nusu mchana kimekaa saa saba kamili. Mijadala kuhusu chakula cha shule aghalabu huanzia kwenye virutubisho, yaani viini vya chakula vinavyojenga na kuulinda mwili, na jambo hilo lina nafasi yake. Hata hivyo, katika mwambao na nyanda zote za joto, swali la kwanza linapaswa kuwa la muda na joto, kwa sababu chakula chenye kila kirutubisho lakini kisichoweza kuvumilia saa hizo si chakula tena ifikapo adhuhuri.

Wataalamu wa usalama wa chakula huliita joto lililo kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi ukanda wa hatari, kwa kuwa humo ndimo bakteria wengi wanaoharibu chakula huzaliana kwa kasi, na Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa mbili. Bakteria aliyepata unyevu, chakula na joto linalomfaa anaweza kugawanyika mara moja katika kila dakika 20, kwa hiyo mmoja tu aliyeingia kwenye kontena alfajiri angeweza, kwa hesabu ya nadharia, kuwa zaidi ya milioni 2 baada ya saa saba. Hesabu hiyo huonyesha kwamba adui mkubwa wa chakula cha mkobani ni uvuguvugu, ile hali ambayo wazazi wengi huiona kuwa ya kuridhisha kwa kuwa mtoto hakula chakula cha baridi. Mtoto wa Njombe mwezi Julai ana nafuu ambayo mwenzake wa Tanga au Mombasa hana mwezi Februari, na ushauri ulioandikwa kwa ajili ya nchi za baridi haupaswi kuhamishiwa Kisauni au Temeke bila kupimwa upya.

Wali unastahili kuangaliwa peke yake, kwa kuwa ndio unaopakiwa mara nyingi zaidi na ndio unaodanganya zaidi. Mchele huweza kuwa na bakteria anayeitwa kitaalamu Bacillus cereus, ambaye hujikinga kwa mbegu ngumu zisizokufa kwa kuchemshwa. Wali uliopikwa jioni na kuachwa sufuriani mezani hadi asubuhi huzipa mbegu hizo usiku mzima wa kuota, na bakteria wanaotokana nazo huweza kutoa sumu ambayo moto wa kupashia kiporo hauivunji. Kiporo cha namna hiyo, hata kikikaangwa upya kwa vitunguu na kunukia vizuri, kinaweza kumtapisha mtoto darasani. Wali wa nazi huchacha upesi zaidi, jambo ambalo wapishi wa pwani hawahitaji kuelezwa. Kiporo si kosa chenyewe, kwani wali uliopozwa haraka kwa kutandazwa kwenye sinia na kuingizwa frijini mapema, kisha ukapashwa hadi ukafuka mvuke, unaweza kuliwa; kosa ni ule usiku wa mezani.

Mzazi mwenye hotpoti imara ya chuma yenye kuta mbili anaweza kumpa mtoto chakula cha moto, lakini chombo hicho hakitengenezi joto, bali huhifadhi lile kilichopewa. Kwa hiyo kinapaswa kujazwa maji yanayochemka na kufunikwa kwa dakika 5 hadi 10, maji yamwagwe, na chakula kinachofuka mvuke kiingizwe papo hapo hadi karibu na ukingo, kwa kuwa chakula kidogo ndani ya chombo kikubwa hupoa haraka. Hotpoti ya plastiki yenye mfuniko uliolegea haiwezi kazi hiyo kwa muda wa kutosha, na uzuri wa rangi zake hausaidii chochote. Asiyekuwa na chombo cha kuaminika ana njia mbili nyingine, nazo ni ubaridi na ukavu. Chupa ndogo ya maji iliyogandishwa usiku kwenye friza, ikilazwa ubavuni mwa kontena ndani ya mfuko wa kitambaa kinene, hukipa chakula ubaridi na wakati huohuo huyeyuka taratibu ikawa maji ya kunywa. Mtindi mdogo uliogandishwa hufanya kazi ileile. Njia ya ukavu hutegemea vyakula vyenye unyevu mdogo au vilivyo ndani ya ganda lake, kama vile chapati, mkate, mahamri, karanga za kukaanga, ndizi mbivu, chungwa, na maziwa ya boksi dogo yaliyochemshwa kwa joto kubwa sana, ambayo hayahitaji friji mpaka yafunguliwe. Chapati yenyewe inapaswa kupoa kwanza juu ya kitambaa safi kabla ya kufunikwa, kwa sababu mvuke uliofungiwa hugeuka matone chini ya mfuniko, ukailowesha na kuipa ule ulaini wa kunata ambao watoto huukataa.

Baada ya usalama ndipo lishe inapoingia. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, kwa miaka mingi ilifundisha ulaji kwa makundi matano, ambayo ni nafaka, mizizi na ndizi za kupika, mikunde na vyakula vya asili ya wanyama, mbogamboga, matunda, na sukari na mafuta. Makontena mengi ya watoto yakifunguliwa leo yatakutwa na kundi la kwanza na la mwisho tu, yaani chipsi, biskuti, andazi na juisi ya boksi. Wanga, ambao ndio chanzo kikuu cha nguvu ya mwili, upo wa kutosha humo; kinachokosekana ni protini, ambayo hujenga misuli na kumfanya mtoto asihisi njaa upesi, pamoja na vitamini za matunda na mboga. Marekebisho si lazima yawe ya gharama. Waganda hukunja mayai ya kukaanga na nyanya ndani ya chapati na kuyaita rolex, na chakula hicho, kikipozwa na kuwekwa karibu na chupa ya barafu, huliwa kwa mkono bila kijiko. Yai lililochemshwa hadi kiini kikagandamana, likalazwa frijini na kufungwa pamoja na ganda lake, ni rahisi kuliko soseji. Viazi lishe, yaani viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vina kwa wingi viini vinavyogeuzwa na mwili kuwa vitamini A. Kazi ya kuvieneza barani Afrika ilichangia Robert Mwanga wa Uganda na wenzake watatu kutunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, lakini mijini bado vinadharauliwa kama chakula cha shamba.

Maharage, kunde na choroko vina madini ya chuma, ambayo damu huyahitaji ili kusafirisha hewa ya oksijeni, ingawa chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida. Kipande cha chungwa au pera katika mlo uleule hurahisisha ufyonzwaji huo, ilhali chai ya rangi huuzuia, hivyo chupa ya chai yenye sukari nyingi anayofungiwa mtoto humnyima sehemu ya faida ya maharage aliyokula. Kuhusu sukari, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya kuongezwa, ikiwemo ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya siku, kiasi ambacho kwa mtoto anayehitaji takribani kilokalori 1,600 ni gramu 40. Soda moja ya mililita 300 ina takribani gramu 30. Maji yanatosha.

Karanga ni rafiki wa mkoba wa shule, zikichambuliwa. Zile zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, nayo haiondolewi kwa kukaanga. Sumu hiyo katika mahindi iliua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, na mwaka 2016 ikaleta vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mtoto aliye chini ya miaka 5 asipewe karanga nzima, kwa kuwa zinaweza kumpalia. Zisagwe zipakwe kwenye mkate.

Kuhusu pilikapilika za asubuhi, ukweli ni kwamba asubuhi haina nafasi ya kupika, na familia zinazofanikiwa huwa zimeihamishia kazi usiku au mwisho wa wiki, maharage yakichemshwa Jumamosi na kugandishwa kwa mafungu ya siku moja moja, matunda yakioshwa usiku, na kontena likiachwa wazi mezani likisubiri. Asubuhi hubaki kufunga tu. Mtoto naye akiulizwa usiku achague kati ya vitu viwili, si kati ya vyote, hupunguza mabishano ya alfajiri na mara nyingi hula alichokichagua.

Jioni kontena linaporudi, mpira wa mfuniko uchomolewe na kuoshwa kwa sabuni, kwa kuwa huko ndiko uchafu hujificha. Chakula cha kupikwa kilichobaki ndani yake kitupwe, hata kama hakijanuka wala kubadilika ladha, kwa sababu sumu za bakteria mara nyingi hazina harufu.