Chombo Rahisi cha Kukinga Sampuli za Maji ya Mvua

Katika vijiji vingi vinavyozunguka Mlima Meru, maji ya chemchemi na visima yana floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi hapo meno ya watoto hubadilika rangi, na ikizidi sana hudhuru mifupa. Maji ya mvua yana floraidi kidogo mno, ndiyo maana parokia hujenga matangi. Lakini paa hukusanya vumbi na vinyesi vya ndege, na mvua inapoanza huviteremsha tangini. Je, tumwage maji kiasi gani kabla ya kukinga? Kila paa lina jibu lake, na mara nyingi mvua hunyesha watu wamelala. Chombo hiki hukinga sampuli chenyewe, bila umeme.

1. Funga gata fupi inayopokea maji ya mita 1 ya mraba. Kama kutoka kilele cha paa hadi ukingoni ni mita 4, ukipimia chini, gata iwe na urefu wa sentimita 25.

2. Gata imwage kwenye bomba la plastiki lililoinamishwa kidogo, lenye tii 5 zinazotazama chini.

3. Chini ya kila tii funga chupa ya lita 1 yenye mdomo mpana. Toboa mfuniko tundu la sentimita 2, na kijitundu cha msumari cha kutolea hewa. Ndani weka kipira cha tenisi ya mezani. Chupa ikijaa, kipira huelea na kuziba tundu. Maji huenda chupa inayofuata.

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Basi kila chupa ni milimita moja. Kama maji yanakuwa safi kuanzia chupa ya tatu, paa la mita 60 za mraba limwage lita 120 za kwanza.

Macho hayaoni bakteria. Tumieni chupa za kioo zilizochemshwa, ziwekwe kwenye barafu, zifike maabara ndani ya saa 24. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na bakteria wa kinyesi hata mmoja katika mililita 100. Hadi vipimo vithibitishe hivyo, endeleeni kuchemsha.

Wafadhili wapendwa, mnapochangia tangi, kumbukeni pia bomba la kumwagia maji ya kwanza na gharama za vipimo. Mvua ni zawadi ya Mungu. Kuitunza ni wajibu wetu.